Jamani, Bampa Siyo Chesisi!

Kuna fasheni imeingia mjini na leo nimeamua kuivalia njuga. Simama Jumamosi alfajiri kando ya Barabara ya Morogoro, pale Kibaha, uangalie magari yanayotoka Dar. Haitapita nusu saa kabla hujaiona: HiAce au Delica iliyonyanyuliwa juu kama twiga, imepakwa rangi ya jangwa, ina keria juu, na nyuma kwenye bampa limening'inizwa duka zima la vyuma. Jeki ndefu ya hailifti. Vibao viwili vya rangi ya chungwa vya kujinasulia kwenye matope. Chepe. Dumu la petroli. Tairi la akiba. Ngazi. Mnyororo wa kuvutia. Ndani wamo vijana watano wenye digrii zao, muziki juu, safari ni Mikumi au Udzungwa. Adventure, bwana!

Sina ugomvi na safari. Kijana wa Kitanzania kuizunguka nchi yake kwa gari lake ni jambo la kushangilia. Kwa miaka mingi tumewaachia wageni starehe hiyo, sisi tukabaki kusimuliwa uzuri wa Ruaha na mtu aliyetoka Ujerumani. Kwa hiyo asije mtu akasema napinga vijana kutembea.

Ugomvi wangu uko nyuma ya gari. Nasema wazi: sehemu kubwa ya vifaa vile vimefungwa mahali ambapo haviwezi kumwokoa mtu, na siku moja vitamuua. Na atakayekufa huenda asiwe mwenye gari. Hilo ndilo linaloniuma.

Tuanze na swali la mtoto wa darasa la tatu. Bampa ni nini?

Bampa ya kutoka kiwandani kwenye gari kama HiAce ni plastiki mbele ya kipande chembamba cha chuma. Kazi yake ni kupokea vigongo vidogo vya kwenye foleni, na ukigongwa sana ikunjike ili wewe usikunjike. Haikutengenezwa kubeba mzigo. Haikutengenezwa kuvutwa. Na tukumbuke kwamba HiAce haina chesisi ya kujitegemea kama ile ya Land Cruiser ya "mkonga". Land Cruiser ile ina mihimili miwili ya chuma kizito inayotembea kutoka mbele hadi nyuma, bodi imewekwa juu yake na kufungwa kwa bolti. HiAce bodi na mgongo ni kitu kimoja, mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa pamoja. Ni ufundi mzuri sana kwa kazi yake ya kubeba watu na mizigo mjini. Zile zile tulizipanda zikiitwa vipanya, zikabeba abiria mara mbili ya uwezo wake na hazikulalamika. Lakini mzigo ule ulikaa ndani, juu ya sakafu. Haukuning'inia mkiani.

Sasa mshikaji anapeleka kipanya chake kwa fundi, anamwonyesha picha kwenye simu: "Nataka kama hii." Picha ni ya Australia au Marekani. Fundi wetu, Mungu ambariki, hajawahi kushindwa kitu. Anatafuta bomba la chuma, anakata, anachomelea, anapiga rangi nyeusi, jioni bampa mpya ipo. Imechomelewa wapi? Kwenye mabati ya nyuma, pale pale palipoachwa wazi baada ya kung'oa bampa ya zamani. Moto wa kuchomelea umekwisha kuunguza ile kinga ya kutu iliyopakwa kiwandani. Na wewe unaishi Dar, mji ambao hewa yenyewe ina chumvi. Ipe miaka miwili. Kwa nje rangi inang'aa, kwa ndani kutu inakula taratibu kama mchwa kwenye boriti.

Fundi simlaumu peke yake. Amepewa picha, hakupewa michoro. Hakuambiwa ile bampa ya Australia imefungwa kwa bolti ngapi, zimepita kwenye nini, na upande wa ndani kuna bamba gani la kugawanya nguvu. Picha haionyeshi bolti. Fundi mmoja nilipomuuliza kazi yake itahimili tani ngapi alinijibu, "Hii kaka, hata treni inavuta." Tani ngapi? "Yaani treni!" Tukaishia hapo.

Haya, tufanye hesabu kidogo. Msikimbie, ni ile ya nyenzo tuliyofundishwa sekondari.

Jeki ya hailifti ya inchi 48 ina uzito wa karibu kilo 13. Dumu la chuma la lita 20 likijaa petroli linakaribia kilo 19. Tairi la akiba na ringi yake weka kilo 25. Hapo tuna kilo 57 na bado hatujahesabu bampa yenyewe ya chuma. Tuwe wapole, tuseme mzigo wote ni kilo 80. Kwenye HiAce ya kawaida, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.57. Ule mzigo umening'inia tuseme mita 1.25 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha, gawanya: ekseli ya mbele inapunguziwa karibu kilo 39, na ya nyuma inabebeshwa karibu kilo 119. Umeona? Umefunga kilo 80, springi za nyuma zimepokea 119. Na matairi ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ukikanyaga breki, yamenyanyuliwa kidogo kutoka barabarani.

Hapo hujapakia watu watano, mahema, majiko, maji na kreti za soda. Halafu unashuka mteremko wa Kitonga na mvua inanyesha.

Katika vyumba vya habari sentensi ya ajali tunaijua kwa moyo: "Chanzo cha ajali ni mwendo kasi na dereva kushindwa kulimudu gari." Huwa inaishia hapo. Sijawahi kuona mtu akiuliza gari lilikuwa limening'iniza nini mkiani.

Lakini uzito ni kasheshe ndogo. Kasheshe kubwa ni siku ya kukwama.

Unakwama, maana udongo mweusi wa mbuga haujali digrii. Ule udongo wa tambarare ya Mkata pale Mikumi, ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji, ukilowa ni sabuni iliyochanganywa na gundi. Gari linakaa tumbo chini. Linakuja gari jingine kukusaidia. Swali: kamba unafunga wapi?

Naambiwa jibu kila mara: "Kwenye bampa." Au kwenye kile kichwa cha mviringo cha kufungia trela. Jamani! Kichwa kile kimetengenezwa kuvuta trela taratibu, mzigo unaotembea. Hakikutengenezwa kupokea mshtuko wa gari lililozikwa. Kule Australia, ambako mchezo huu ni wa siku nyingi, wakufunzi wa kunasua magari wanapiga marufuku kabisa kukitumia, kwa sababu vimekatika na kuruka na kuua watu.

Hesabu nyingine, ya mwisho. Gari la kuvuta la kilo 2,500 likienda kilomita 10 tu kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, lina nishati ya karibu joule 9,600. Kamba inakazwa. Nishati ile inaingia kwenye kamba, hasa zile za nailoni zinazovutika kama mpira. Sasa kitu kimoja kikatike: ndoano, sehemu iliyochomelewa, au ile pete ya chuma yenye pini iliyonunuliwa mtaani bila maandishi yoyote ya uzito inaohimili. Tuseme sehemu moja tu ya kumi ya nishati ile imeingia kwenye kipande cha chuma cha kilo moja na nusu. Kinaondoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Hicho siyo kifaa cha uokoaji tena. Hiyo ni bunduki, na hakuna anayejua mtutu umeelekea wapi.

Masika fulani nikiwa kazini wilayani Rufiji nililishuhudia hili kwa macho yangu. Vani ya kifahari imekwama kwenye njia ya vumbi iliyogeuka uji. Lori linavuta, kamba imefungwa kwenye bampa mpya ya chuma, nzito, nzuri kweli kweli. Mvuto wa kwanza, gari halikutikisika. Wa pili, dereva wa lori akarudi nyuma kidogo akachukua spidi. Ukasikika mlio kama wa bati kupasuliwa. Bampa yote iliondoka, na jeki yake, na vibao vyake, na chepe yake, ikaburuzwa hadi ubavuni mwa barabara. Gari limebaki palepale kwenye tope, nyuma matundu mawili yenye kutu. Haikumpata mtu. Lakini pale ilipopita, dakika mbili kabla walikuwa wamesimama watoto wa shule sita au saba, yunifomu zimekunjwa magotini, wanacheka. Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyewafukuza, na hakuwafukuza kwa ajili ya kamba. Aliwafukuza wawahi shule.

Mwenye gari alilalamika kuhusu bei ya bampa.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, wasomi wenzangu. Gari la mjini likikwama kijijini, nani anasimama karibu na kamba? Siyo wewe, wewe uko kwenye usukani, umezungukwa na mabati. Siyo dereva wa gari linalovuta. Ni wale vijana wa kijiji mliowaita wasukume kwa ahadi ya elfu mbili mbili. Ni watoto waliokuja kushangaa. Ni bibi aliyetoa jembe lake mchimbe tope. Wao hawakuona video yoyote ya mambo haya. Wanaona vyuma vingi vimefungwa nyuma, wanaamini kwamba mnajua mnachofanya. Mapambo yenu yamewapa imani ya uongo. Huo ni usanii, na bili yake analetewa mtu asiye na bima wala hospitali ya karibu.

Sasa najua majibu yenu, maana nimeshayasikia.

La kwanza: "Vifaa vikiwa ndani, ukikwama huvifikii." Hili ni jibu la maana na nalikubali nusu. Chepe na vile vibao vinapaswa kuwa nje, mahali pa kufikika hata kama mlango umezibwa na tope. Lakini nje siyo lazima iwe chini mkiani. Gari likizama nyuma, na kwa kawaida huzama nyuma kwa sababu ndiko ulikolibebesha, bampa ndiyo ya kwanza kumezwa. Utachimba kwa mikono kulitafuta chepe. Mwingereza Ralph Bagnold, aliyevuka majangwa ya Misri na Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na 1930, alikuwa na mabamba yake ya chuma ya kuweka chini ya matairi mchangani. Mwaka 1940 alipoanzisha kikosi cha jeshi cha doria za jangwani, malori yake yaliyafunga mabamba yale ubavuni. Ubavuni, kati ya ekseli! Watu wale walikuwa wanaenda vitani, hawakuwa na muda wa kupiga picha.

La pili: "Mbona Land Cruiser za utalii za Arusha zinafunga nyuma?" Nimeshajibu: ile ina chesisi. Ndugu yangu, usimwige tembo.

La tatu: "Hailifti ni lazima, kila mtu anayo." Hailifti ilianza kutengenezwa Bloomfield, jimbo la Indiana, mwaka 1905. Ni chombo cha heshima, wakulima wa kule wamenyanyulia matrekta. Lakini inahitaji mahali pagumu pa kushika ili inyanyue. HiAce yenye bampa ya plastiki haina. Ukiishikiza kwenye bampa ya kuchomelea tumesharudi kulekule. Halafu mtambo wake unaendeshwa na pini mbili ndogo na springi, na pini zile zinataka usafi na mafuta. Wewe umeifunga nyuma ya gari, mahali panapopokea vumbi lote la matairi yako, kilomita mia tano. Siku ya shida pini zimeganda. Na mkono wake ukikuponyoka una nguvu ya kuvunja taya. Je, umewahi kuitumia hata mara moja, hata uwani kwako? Nauliza tu.

La nne ndilo la kawaida: "Ni wivu tu, huna gari." Sawa. Mimi napanda basi. Basi langu nalo linapishana na ninyi barabarani.

Kuna mawili zaidi nisiyapite. Dumu la petroli nyuma kabisa ya gari: akikugonga mtu kwa nyuma pale Ubungo, kitu cha kwanza kukutana na gari lake ni lita 20 za petroli. Nani alikaa akafikiria hivyo na akaona ni sawa? La pili, mlango wa nyuma. HiAce zetu zina mlango wa kuteleza upande wa kushoto. Gari likilalia kushoto, mlango ule uko ardhini. Waliokaa nyuma wamebaki na madirisha na mlango wa nyuma. Ninyi mlango huo mmeufungia mhimili wa chuma wenye tairi na kufuli, na funguo iko kwa dereva, na dereva amezimia. Fikirini wenyewe.

Trafiki je? Atakusimamisha, ataangalia stika, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu. Namba ya gari imefichwa na dumu, taa ya breki imezibwa na chepe, anakupungia mkono. Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu 1973, haikuandikwa jana. Anayekuja nyuma yako usiku Chalinze ana haki ya kuiona taa yako ya breki, na ukimgonga mtu ukakimbia sisi wengine tuna haki ya kuisoma namba yako.

Basi tufanyeje? Sijaja kulalamika tu.

Kwanza, anza na sehemu ya kuvutia kabla ya bampa. Mbili mbele, mbili nyuma, zimefungwa kwa bolti zinazopita kwenye mihimili mikuu ya chini ya gari, na bamba nene upande wa pili la kutawanya nguvu. Ziwe zimeandikwa uzito zinaohimili. Kama fundi hawezi kukwambia bolti zimepita wapi, lipa soda yake uondoke.

Pili, kizito kiwe ndani, chini, kati ya ekseli mbili. Jeki, minyororo, boksi la spana, maji. Vifungwe kwa mikanda, maana jeki isiyofungwa nayo ni kombora.

Tatu, nyuma weka vyepesi tu, kama unalazimika. Vile vibao vya plastiki, mtindo ulioanzia Australia mwaka 2005, jozi ni kilo chache. Chepe. Basi. Na visizibe taa, namba wala mlango, wala visining'inie chini, maana kila kinachoshuka chini ya bampa ndicho kitakachokwaruza ukitoka kwenye korongo.

Nne, nunua vitu visivyo na picha nzuri: geji ya upepo na pampu. Punguza upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi 20 hivi kabla hujaingia mchangani, tairi linatanuka, linakanyaga eneo kubwa zaidi, na mara nyingi unapita bila kuomba msaada wa mtu. Ukitoka, jaza tena kabla ya kwenda kasi. Kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki kitakusaidia kuliko vyuma vya milioni mbili. Lakini nani atapiga picha ya ubao?

Tano, na hili siyo la fedha hata senti: kabla ya kamba kukazwa, ondoa watu. Wote. Mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, na ubavuni, siyo nyuma wala mbele yake. Weka jaketi zito au gunia lenye udongo katikati ya kamba, ili ikikatika ianguke badala ya kuruka. Dereva apige honi, asubiri, ahesabu watoto. Wakigoma kuondoka, kamba isikazwe. Gari litasubiri.

Mimi nimemaliza. Wenye kununa wanune. Ila kesho ukipita gereji ukamkuta mtu anachomelea bampa kwenye kipanya chako, chutama chini ya gari uangalie. Ukiona ameishika kwenye bati, mwambie azime mashine.